Meru na Embu: Kabla Uitishe Raundi Ingine, Itisha Uonyeshwe

Kama unaishi Meru ama Embu na wikendi huwa unatoka na mbogi yako, umechoka kusikia story mbili. Ya kwanza: baa zimezidi. Ya pili: nyinyi vijana mnakunywa sana.

Mwaka wa 2023, Rigathi Gachagua, akiwa bado naibu wa rais, alitaka kila mji wa Mlima Kenya ubaki na baa moja tu. Machi 2024, Kithure Kindiki, wakati huo waziri wa usalama wa ndani na mtu wa Tharaka Nithi, hapo katikati ya Embu na Meru, akatangaza masharti 25 ya kupigana na pombe haramu. Julai 2025 serikali ikatoa sera mpya inayopendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 hadi 21. Hiyo ya 21 iliwasha mtandao, na wasee wengi hawakushika kwamba sera si sheria. Sheria iliyopo bado inasema 18.

Sasa angalia hizo story zote kwa makini. Zote zinahusu mlango wa baa. Nani aingie, aingie saa ngapi, milango iwe mingapi mtaani. Hata ile sheria ya Mututho ya 2010 watu wengi wanaikumbuka kwa masaa tu: saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi.

Hakuna anayebonga kuhusu meza. Ukishaingia, ukakaa, ukaitisha kilo mbili za mbuzi na chupa kadhaa, nini hufuata? Hapo ndipo ganji yako hupotea. Na siku ikiwa mbaya, hapo ndipo maisha hupotea pia.

Hoja yangu ni moja. Huduma nzuri kwa baa si tabasamu, si viti vya ngozi, na si weita kukuita "boss". Huduma nzuri ni kuonyeshwa. Uonyeshwe chupa ikiwa imefungwa. Uonyeshwe nyama ikiwa kwa mizani. Uonyeshwe bili kabla ulipe. Baa inayokuonyesha inakuheshimu. Baa inayokuficha, hata ikicheza mziki poa aje, inakucheza wewe.

Heshima ilivyoanza vibaya

Hii miji miwili ina majina ya zamani kwa hii biashara. Meru kuna Pig and Whistle. Embu kuna Izaak Walton. Yote ni majina ya Kiingereza kabisa, yaliyobaki kutoka enzi za ukoloni. Izaak Walton mwenyewe hakuwahi kufika Embu; alikuwa mwandishi Mwingereza wa karne ya 17 aliyejulikana kwa kitabu chake cha uvuvi, cha 1653. Wazungu walipenda kuvua samaki aina ya trauti kwa mito ya Mlima Kenya, kwa hivyo jina likakaa.

Enzi hizo mwafrika aliingia baa ya mzungu kama mtu wa kubeba trei. Bia ya chupa yenyewe hakuruhusiwa kuuziwa mpaka miaka ya 1940. Kwa hivyo huduma ya baa ilitufikia na somo lililopinda: mteja ni bwana, weita ni boi. Mpaka leo kuna msee anaingia lokali yake, anapiga meza, anaita weita kwa mluzi, anadhani hiyo ndiyo kuhudumiwa.

Lakini sisi tulikuwa na somo letu. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, aliyepika pombe huonja kwanza mbele ya wageni, ndio wajue hakuna sumu. Na hata leo, ukienda kula choma, unasimama kwa dirisha la buchari, unaonyesha kidole "nikatie hapo kwa mbavu", unaangalia ikipimwa. Hiyo ni kuonyeshwa. Iko kwa damu yetu, tumeiacha tu ipotee tukiketi chini.

Embu inajua bei ya kufichwa

Mei 2014, watu walikunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Zaidi ya 60 walikufa katika kaunti kadhaa, na Embu ni moja ya sehemu zilizoumia vibaya, mtaa wa Shauri Yako ukiwemo. Wengine walibaki hai lakini macho yakaenda. Halafu Februari 2024 ikatokea tena hapo jirani, Kirinyaga, kijiji cha Kangai. Zaidi ya watu 10 walikufa, na iliripotiwa kwamba kinywaji hicho kilikuwa kimenaswa na kuwekwa kituo cha polisi kama ushahidi, kisha kikatoka huko na kurudi mtaani. Ndio maana Kindiki alikuja na yale masharti 25 wiki chache baadaye.

Methanoli huwezi kuijua kwa harufu wala kwa ladha. Haikujui kama una miaka 19 ama 45, na haiangalii saa. Kwa hivyo kinga ya kwanza haiko kwa mlango, iko kwa meza: chupa ifike imefungwa na ifunguliwe ukiona. Stempu ya ushuru iwe hapo kwa kifuniko, na kama una simu, programu ya Soma Label ya KRA inakusomea kama hiyo stempu ni ya ukweli. Stempu pia huigwa, kwa hivyo usiitegemee peke yake. Toti inayomiminwa nyuma ya kaunta kutoka kwa chupa usiyoiona ni bahati nasibu.

Chupa kufunguliwa mbele yako inazuia kitu kingine pia: mchele. Madem wanajua hii vizuri, lakini mabuda wamewekewa mchele mara mingi pia na kuamka bila simu na bila kiatu. Ukienda choo, rudi uitishe kingine. Usione haya.

Na kama mtu wenu anaanza kuona ukungu, kichwa na tumbo vinamuuma masaa kadhaa baada ya kunywa, msiseme ni hangova, eti alale itaisha. Mpelekeni hosi saa hiyo hiyo. Msingoje asubuhi.

Kilo ni kilo?

Twende kwa nyama sasa. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, kwa hivyo kilo mbichi haiwezi kurudi kilo kwa sinia. Hapo usigombane na mchomaji, si makosa yake. Ugomvi wa haki uko kabla ya moto. Mizani ya biashara Kenya lazima ikaguliwe na ipigwe muhuri na afisa wa vipimo. Iangalie. Inaanza kwa sufuri? Imegeuziwa wewe ama imegeuziwa ukuta? Kama inaiba gramu 100 kwa kila kilo, na mbogi yenu imeitisha kilo tatu, mmelipia gramu 300 ambazo hamkula. Hiyo ni sahani nzima ya mtu mmoja, kila wikendi, mwaka mzima.

Muhuri wa pili ni ule wa nyama yenyewe, unaoonyesha imekaguliwa. Na mtu anayeshika chakula chako anafaa kuwa na cheti cha daktari, kinachofanywa upya kila miezi sita. Baa iliyo sawa haioni shida kukionyesha.

Bili, na yule anayeileta

Malalamiko makubwa ya baa ni bili. Mlikunywa tisa, karatasi inasema kumi na mbili. Ndio maana wazee wetu hawakubali chupa tupu zitolewe kwa meza mpaka walipe. Vijana wanaona ni ushamba, lakini hiyo ni hesabu. Zihesabuni pamoja na weita, mkiwa bado mnaona vizuri, si saa tano usiku wakati kila mtu ni ndugu yako.

Lakini weita naye umuelewe. Baa nyingi za mtaa, yeye hulipa kaunta kwanza kwa ganji yake ama anabebeshwa deni, halafu anakusanya kwenu. Ndio maana anasimama hapo kando anakuangalia. Si dharau, ni woga. Mmoja wenu akihepa na bili, yeye ndiye anakatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 haikubali mwajiri kumkata mfanyakazi ovyo, na makato yote hayafai kupita theluthi mbili ya mshahara. Lakini wangapi wana mkataba ulioandikwa? Kwa hivyo yule msee anayejigamba amechomoka bila kulipa hajaibia tajiri. Ameibia dada ambaye kesho asubuhi anatafuta nauli ya kurudi Nkubu ama Runyenjes.

Na ukweli mwingine ndio huu: weita anayekatwa kila wiki atatafuta mahali pa kuziba. Ataziba kwa bili yenu. Baa inayonyonya wafanyakazi wake itawanyonya wateja pia, kwa mikono ya wafanyakazi hao hao.

Haki unayo, itumie

Katiba, kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari unayohitaji, kulindwa afya, usalama na pesa zako, na kulipwa fidia ukiumizwa. Haisemi hoteli kubwa pekee. Inasema wewe, hata ukiwa kwa kibanda cha mutura na soda.

Na leseni za baa ni kazi ya kaunti, pamoja na kusimamia biashara ya haki. Kwa hivyo maswali ya kuuliza MCA wako wa Meru ama Embu si tu "mtafunga baa ngapi?" Muulize mizani za Makutano zilikaguliwa lini. Muulize afisa wa afya alipita lini jikoni. Muulize kama baa inaweza kupata leseni bila mikataba ya wafanyakazi. Kufunga baa kunapendeza kwa kamera. Kukagua mizani hakupigwi picha, lakini ndiko kunakugusa.

Wikendi hii jaribu kitu kimoja. Sema polepole, bila fujo: "Dada, naomba uifungulie hapa nikiona." Akifungua bila shida, hapo ni pahali pa kurudi, na umwachie kitu kidogo. Akikasirika ama meneja akaanza maneno, si lazima upigane. Simama, lipa ulichokunywa, toka. Makutano haina kiti kimoja, na Embu pia hivyo.