Mpeni Kalamu ya Bei

Umeiona ile picha LinkedIn. Mwanamke amesimama katikati ya shamba la chai, gambuti mpya, koti bila tone la matope, anatabasamu huku wachumaji wakiwa nyuma yake na vikapu mgongoni. Chini imeandikwa kwamba yeye ndiye Mkuu wa Uendelevu na Ununuzi Wajibifu wa Mazao. Makofi, mioyo, "hongera dada yetu".

Huyo dada sina ubaya naye. Nina ubaya na waliompa cheo wakamnyima kalamu.

Uendelevu ni neno ambalo mtu huwezi kulitamka kwa matatu bila abiria kukugeukia. Lakini ununuzi wajibifu unaeleweka: ukinunua majani chai, kahawa au mtama, uhakikishe aliyelima hakuumizwa na ardhi haikuharibiwa. Sawa. Ila ununuzi ni bei. Ni kilo ngapi, lini, kwa nani, na nani anatia sahihi. Na katika kampuni nyingi, anayetia sahihi hayuko ofisi ya uendelevu. Yuko idara ya manunuzi, ambako mtu hupongezwa kwa kila senti aliyopunguza kwenye kilo. Yaani jengo moja, ghorofa ya tatu kuna mtu analipwa ili mkulima aishi vizuri, ghorofa ya nne kuna mwingine analipwa ili mkulima huyo huyo apate kidogo. Wa ghorofa ya nne ndiye mwenye bajeti.

Rafiki yangu mmoja anafanya kazi hiyo. Kampuni siitaji, anahitaji mshahara. Nilimuuliza ni mikataba mingapi ameshawahi kuikataa kwa sababu bei ilikuwa ya kumkandamiza mkulima. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Mimi huitwa bei ikishaelewana," akaniambia. "Kazi yangu ni kutafuta hadithi nzuri ya kuweka juu yake."

Mtu akisema hayo ni malalamiko ya mfanyakazi mmoja mwenye kinyongo, twende Kericho.

Mwaka 2007 Unilever ilitangaza kwamba chai yake itathibitishwa na Rainforest Alliance, wale wa chura wa kijani kwenye pakiti, na shamba lake la Kericho likawa la kwanza kupata cheti hicho. Mwaka 2011 shirika la utafiti la SOMO la Uholanzi likatoa ripoti kuhusu chai hiyo hiyo yenye chura: vibarua wanaozungushwa bila ajira ya kudumu, na madai ya wanawake kunyanyaswa kingono na wasimamizi. Februari 2023, miaka 12 baadaye, BBC ikapeleka mwandishi wa siri. Zaidi ya wanawake 70 waliiambia kwamba wasimamizi waliwanyanyasa kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Kufikia hapo Unilever ilishauza biashara yake ya chai kwa CVC Capital Partners, kwa yuro bilioni 4.5. Mauzo yalikamilika Julai 2022.

Tuelewane hapa. Kati ya 2007 na 2023 hakukukosekana sera. Zilikuwepo, zimechapishwa kwa rangi. Kilichokuwepo pia ni supavaiza anayeamua nani apate kazi leo, nani apewe kazi nyepesi, na nani aambiwe arudi kesho. Kibarua wa msimu hana la kumjibu, kwa sababu akinyimwa siku tatu, watoto wamelala njaa siku tatu. Huyo supavaiza hakuwahi kusoma ripoti ya uendelevu, wala haikuwahi kumgusa. Mkaguzi naye, mara nyingi tarehe ya kuja kwake inajulikana; aproni mpya zinagawiwa, na anayehojiwa anahojiwa akiwa ndani ya shamba lile lile, na jioni atarudi kulala kwenye nyumba ya kampuni ile ile. Ungesema wewe?

Kuna kesi moja ambayo kila kijana anayesomea haya mambo ya mazingira na biashara anafaa kuisoma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, makundi yenye silaha yalivamia wafanyakazi kwenye shamba la Unilever Kericho. Kuna waliouawa, kuna waliobakwa. Waathiriwa wakaenda mahakamani London wakisema kampuni mama ilikuwa na wajibu wa kuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ikawakatalia: kampuni ya Kenya ilikuwa ikijiendeshea mambo yake yenyewe. Sasa linganisha na ripoti za kila mwaka za makampuni makubwa. Kwenye ripoti ni "wakulima wetu", "mashamba yetu", "wanawake wetu". Kwenye kizimba, ni wale kule.

Halafu tazama nguvu ilipo kweli. Filamu ya BBC ilipotoka, Starbucks ilitangaza kusimamisha kununua chai ya James Finlay Kenya. Chap chap. Hakukuwa na warsha, hakukuwa na ramani ya safari ya miaka mitano. Kumbe inawezekana! Mnunuzi akisema sinunui, dunia inasimama. Ubaya ni kwamba ikifanywa hivyo, baada ya aibu, anayekosa kazi kwanza ni mchumaji yule yule. Nguvu hiyo inahitajika mapema, wakati mkataba unaandikwa, na iwe mikononi mwa mtu ambaye kazi yake si kupunguza senti.

Kuna watakaoniambia niwe na shukrani, angalau kuna mwanamke kwenye hicho kiti. Sikubali. Wanawake wanapewa cheo hiki kwa wingi kwa sababu kinaonekana ni kazi ya roho safi, ya kulea, na kwa sababu mambo yakiharibika kuna uso wa kike wa kusema "tumesikitishwa sana". Mkuu wa fedha huwa hasikitiki hadharani. Na vyeti sivikatai vyote: vimeleta nguo za kukinga dawa, vimeokoa vipande vya msitu kando ya mito. Lakini mti haumwogopi supavaiza.

Pia kuna mashine. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai Kericho, kwa sababu mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Ukiwa na roho mbaya, unaweza kuandika kwenye ripoti kwamba visa vya unyanyasaji wa wachumaji vimepungua, bila kutaja kwamba wachumaji wenyewe wamepungua. Siku uamuzi wa kununua mashine ulipofanywa, nashuku ofisi za uendelevu ziliulizwa rangi ya bango.

Ninachotaka hakihitaji neno jipya. Mkataba wa kununua mazao usipite bila sahihi ya mkuu wa uendelevu, na akikataa, ukataliwe. Bonasi ya mkuu wa manunuzi ikatwe malalamiko ya shambani yakipuuzwa. Wachumaji wawe na namba ya kupiga ambayo haipokelewi na kampuni, na chama chao kikae kwenye ukaguzi. Mwenye kazi hii akinyimwa hayo, apewe jina la kazi anayofanya kweli, ambayo ni matangazo.

Rafiki yangu aliiomba hiyo sahihi kwa maandishi. Alijibiwa kwamba wazo ni zuri na litajadiliwa robo ya mwaka ijayo. Tangu hapo robo tatu zimepita.