Sisi Wapishi wa Titresheni

Makomredi, mkono juu kama haujawahi kupika titresheni. Naona kimya.

Mimi nilianza kidato cha nne. Kwa ile pepa ya tatu ya kemia, usomaji wako unalinganishwa na wa mwalimu. Ukiwa karibu naye unakula maksi, ukiwa mbali pole. So kila mtu alijua kazi: chungulia bureti ya jirani, andika 24.3, andika 24.3 tena, halafu 24.4 ndio isikae uongo sana. Nikajiambia chuo itakuwa tofauti.

Wapi! Kemia ni yuniti ya lazima mwaka wa kwanza kwetu sisi wa afya ya umma. Benchi moja, bureti moja, watu kumi na wawili. Mmoja anafungua koki, mmoja anatikisa flaski, mmoja anaandika. Wengine tisa tuko TikTok. Semesta nzima nilishika pipeti mara moja, na ilikuwa kuiosha. Usiku ripoti ya mwaka uliopita inatua kwa grupu ya WhatsApp, tunabadilisha jina na tarehe. Nilipata 17 kwa 20. Kwa sehemu ya makosa niliandika "hitilafu ya macho", macho ambayo hayakuiona hiyo pinki ikipotea.

Najua kuna mtu ashaanza kutaipu: wacha kulia, hiyo ni yuniti ya kupita tu, epuka sapu usonge.

Haya, tuongee pombe. Nimeona mmeamka. Ethanoli ina kaboni mbili, methanoli ina moja. Zote mbili hazina rangi, ukimwagiwa kwa glasi huwezi jua ni gani. Lakini ini likivunja methanoli linatoa formaldehaidi, halafu asidi ya fomiki, na hiyo inaua neva za macho. Hapo ndipo mtu anauliza mbona stima zimepotea na taa inawaka. Mwaka 2000 hapa Nairobi zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya methanoli. Mwaka 2014 ikarudi, kaunti kadhaa, makumi wakazikwa.

Sasa nani anapima chupa kama hiyo? Mtu aliyepitia yuniti hii hii. Mashine itasoma, sawa, lakini sampuli ataandaa yeye na sahihi ni yake. Na siku hiyo bosi ama mwenye kiwanda atakuwa na namba anayoitaka, vile mwalimu alikuwa na yake. Mtu aliyefunzwa toka sekondari kutafuta namba ya mkubwa na kuiandika, unadhani ataandika gani?

Mimi silaumu malek peke yao. Wamepewa darasa la mamia na vifaa vya kuhesabu kwa vidole. Lakini hii ya "hakuna pesa" tumeisikia mpaka imechosha. Chukua asidi ile ile, kila benchi iongezewe maji kiasi tofauti, teknishiani pekee ajue kiasi gani. Ripoti ya mwaka jana imekufa papo hapo, na gharama ni maji. Halafu badilisheni kinachopewa maksi. Mtu akiandika namba yake mwenyewe na aeleze kwamba alipitisha rangi akiangalia simu, apewe zaidi ya yule wa 24.3 ya kuazima. Kwa sasa huyo mkweli ndiye anakula sapu, na sisi wapishi tunampigia makofi ya pole.

Semesta ya pili imeanza, na kemia iko tena. Nimeambia benchi yangu Jumanne bureti nashika mimi, mara tatu, na tunaandika kile tutaona. Wameniambia nitawachelewesha lanchi.