Daftari la saratani la Kampala lahitaji watu wa kudumu

Machi 5, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya iliiandikia forodha barua fupi: mahindi kutoka Uganda na Tanzania yasiingie tena nchini. Sababu iliyotolewa ni sumukuvu, ile sumu inayozalishwa na ukungu kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Waliokuwa na malori Busia, Malaba na Namanga wiki ile hawahitaji kukumbushwa. Baada ya siku chache zuio likaondolewa, yakabaki masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha ubora, na kiwango cha sumukuvu kisizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Ubishi wa siku zile ulihusu zaidi malori, bei na itifaki za Jumuiya. Kuna swali ambalo halikupata nafasi. Katika wilaya zinazolima mahindi hayo na katika miji inayoyala, ni watu wangapi wanaougua saratani ya ini, na je, idadi yao inapanda au inashuka?

Sumukuvu huua kwa njia mbili. Ile ya haraka ilionekana mashariki mwa Kenya mwaka 2004, ambako watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafa. Vifo vya namna hiyo huhesabiwa ndani ya wiki chache na kila mtu huviona. Njia ya pili ni ya polepole. Sumu huingia kidogo kidogo, sahani kwa sahani, na baada ya miaka mingi ini huota saratani, hasa kwa mtu aliyekwisha kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Hakuna taarifa ya wiki inayoweza kuonyesha jambo hilo. Linaonekana, kama litaonekana kabisa, katika daftari moja tu, nalo ni rejista ya saratani.

Rejista hiyo si kitu kigeni kwa Uganda. Ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika Idara ya Patholojia ya Makerere, pale Mulago, na kazi yake ni kumwandika kila mkazi wa kaunti ya Kyadondo, yaani jiji la Kampala na viunga vyake, anayegundulika na saratani. Ni miongoni mwa rejista kongwe kabisa barani Afrika. Mwaka 1966, kilipotoka kitabu cha kwanza cha kimataifa cha kulinganisha saratani kati ya mabara, takwimu za Kyadondo zilikuwamo. Mwaka 1971 watafiti walichapisha matokeo ya kulinganisha sampuli za vyakula kutoka sehemu mbalimbali za Uganda na kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya ini. Palipokutwa sumukuvu nyingi zaidi, ndipo palipokuwa na wagonjwa wengi zaidi. Kwa hiyo habari iliyowafungia wafanyabiashara mpaka mwaka 2021 ilikuwa imeshaandikwa Uganda miaka 50 nyuma, na iliandikika kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa na kuhesabu.

Mifano mingine ya faida ya kuhesabu imo humo humo Mulago. Daktari Denis Burkitt, aliyeueleza uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, hakuishia wodini. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakasafiri takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe ule unaonekana kwao. Walirudi na ramani iliyoonyesha kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua. Sampuli zilizotumwa London kutoka Kampala ndizo zilizowawezesha Epstein na wenzake kutangaza, mwaka 1964, kirusi ambacho leo kina jina lake. Safari ile ya gari, kwa lugha ya sokoni, ilikuwa kazi ya kupiga stoku.

Kisha pakaja giza. Katika miaka ya 1970 wataalamu walitawanyika, na uandikishaji ukadorora hadi ukakwama. Kazi ilifufuliwa mwaka 1989, wakati ambapo Ukimwi ulikuwa umeshatapakaa. Kwa kuwa vitabu vya miaka ya 1960 vilikuwapo, iliwezekana kuonyesha kwa tarakimu jinsi saratani ya Kaposi ilivyopanda hadi kuwa ya kwanza kwa wanaume wa Kampala. Lakini miaka iliyokuwa katikati haikuandikwa ipasavyo. Hakuna bajeti, wala mfadhili, anayeweza leo kurudi nyuma kuwahesabu watu wa mwaka 1978.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu kila mwenye duka Kikuubo anaujua. Ajabu ni kwamba serikali zinazotaka risiti ya kila gunia zimekuwa wavivu wa kutunza daftari la watu.

Kazi yenyewe si ya kukaa ofisini kusubiri fomu. Msajili wa saratani hutoka. Huenda maabara ya patholojia kusoma majibu ya vipande vya nyama vilivyopimwa, huenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, huenda Nsambya, Rubaga na Mengo, huenda kwa watoa huduma ya kupunguza maumivu, hutafuta na vitabu vya vifo. Kila mgonjwa humtafsiri kuwa namba: C22 ni ini, C53 ni shingo ya kizazi, C61 ni tezi dume, kisha namba nyingine ya aina ya chembe na kama uvimbe ni wa hatari au la. Mfumo huo wa namba ni uleule Kampala, Eldoret, Moshi na Lyon, Ufaransa, yalipo makao ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani. Programu ya kompyuta inayotumika, CanReg, hutolewa na shirika hilo bure. Kitakachokuwa ghali siku zote ni akili ya mtu anayeitumia.

Akili hiyo inahitajika hasa katika jambo moja linaloonekana dogo, la kujua kama wagonjwa wawili ni mtu mmoja. Mwanamke ameandikwa Nalongo kwenye maabara, jina la kubatizwa kwenye wodi, na jina la baba kwenye hospitali ya misheni. Umri umetofautiana miaka mitatu. Simu ni ya shemeji. Msajili asiye na mafunzo ataandika wagonjwa watatu, na saratani ya shingo ya kizazi itaonekana imepanda. Msajili mzembe atafuta wote wawili wasiofanana sana, nayo itaonekana imeshuka. Mwenye duka aliyewahi kukuta mdeni mmoja yumo mara tatu kwenye leja, kila mara kwa jina jingine, anaelewa hasara ya makosa ya aina hii bila kufundishwa.

Jambo la pili linawagusa wasomaji wa ukurasa huu moja kwa moja. Rejista ya watu humhesabu mgonjwa mahali anapoishi, si mahali anapotibiwa. Mulago hupokea wagonjwa kutoka Sudan Kusini, mashariki mwa Kongo, Rwanda, Burundi na hata Kenya. Mama anayeuza vitenge kati ya Bunia na Kampala akigundulika na uvimbe wa titi, akiulizwa anakaa wapi, mara nyingi atataja gesti ya Kisenyi au nyumba ya dada yake Kawempe, kwa kuwa anahofia kuambiwa mgeni alipe zaidi, au kwa kuwa ndipo alipolala jana. Msajili akikubali jibu hilo, Kampala inabeba mgonjwa asiye wake. Akilikataa bila kuwa na pa kumpeleka, mama yule anatoka kwenye hesabu za Kampala na haingii kwenye hesabu za popote. Bunia haitajua kamwe kwamba ilikuwa na mgonjwa.

Hesabu hizo za wakazi zina mshirika wake, nao ni sensa. Uganda ilihesabu watu wake Mei 2024 na kupata karibu milioni 46. Kiwango cha saratani ni wagonjwa gawanya kwa wakazi, basi tarakimu moja ikiwa ya kubuni, jibu zima ni la kubuni. Msajili mzuri hufundishwa kushuku pande zote mbili.

Je, anafundishwa wapi? Kwa sasa, kwa sehemu kubwa, kazini na kwenye kozi fupi. Mtandao wa rejista za saratani wa Afrika, ulioanza mwaka 2012, huendesha mafunzo na kutembelea vituo, na Kampala, pamoja na rejista ya Gulu kaskazini mwa nchi, imefaidika. Kozi hizo ni nzuri. Tatizo ni kinachofuata. Kijana wa kumbukumbu za tiba anajifunza mfumo wa namba, anajua kuondoa majina yaliyojirudia, anajua kutoa ripoti. Kisha mradi unaisha. Ujuzi wake hauna ngazi ya utumishi. Akienda benki au kampuni ya simu anapata mshahara wa mtu anayejua takwimu, na rejista inaanza upya na mwingine. Nani atamlaumu?

Marekani kazi hii ina mtihani wake na cheti chake, na mwenye nacho anaajirika jimbo lolote. Kenya imepiga hatua ya jirani: sheria ya mwaka 2016 iliunda bodi ya wataalamu wa kumbukumbu na taarifa za afya, na chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, KMTC, hutoa stashahada ya fani hiyo. Hatua iliyobaki, kwa Kenya na kwa wenzake, ni kuitambua saratani kama ubobezi ndani ya fani hiyo, wenye daraja na mshahara wake.

Kampala ndiyo mahali pa kuanzia. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyozaliwa mwaka 1967 kama kituo cha kutibu uvimbe ule wa Burkitt, ndiyo Jumuiya iliyoipa hadhi ya kituo cha umahiri cha Afrika Mashariki katika saratani, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Majengo na mashine vimezungumzwa sana, na kwa haki: mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya nchi ilipoharibika, wagonjwa waliteseka hadi mwanzoni mwa 2018 ilipofunguliwa mpya, na baadhi yao walilazimika kupelekwa Nairobi. Lakini hata uamuzi wa mashine ngapi zinunuliwe, na zikae Mbarara, Gulu au Arua, hutokana na hesabu ya wagonjwa na wanakotoka. Umahiri wa kutibu usioambatana na umahiri wa kuhesabu ni ghala lisilo na mtunza stoo.

Kituo hicho kiweke kozi ya mwaka mmoja ya usajili wa saratani, yenye cheti, na miezi kadhaa ya kuzunguka na wasajili wa Kyadondo wodi kwa wodi. Wizara za afya za nchi wanachama zipeleke watumishi walio kwenye ajira tayari, na ziahidi kwa maandishi cheo cha kurudia. Vitabu vya kufundishia viko kwa Kiingereza na Kifaransa; mtu wa Bukavu na mtu wa Mbarara wakikaa meza moja, lugha itakayowaunganisha ni Kiswahili, na istilahi zake si ngumu kuzikamilisha. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wameshatiliana saini za kutambuana vyeti ndani ya Jumuiya. Msajili wa saratani, ambaye mfumo wake wa namba haubadiliki hata nukta akivuka Mutukula, aongezwe kwenye orodha.

Pingamizi mbili zitatolewa. Ya kwanza ni fedha. Ni kweli kwamba hospitali yenye uhaba wa dawa huona karani kuwa anasa. Lakini mishahara ya wasajili wachache ni kitu kidogo mbele ya dawa zinazonunuliwa kwa kubahatisha, au mbele ya mpaka unaofungwa kwa wiki moja kwa sababu hakuna upande wenye hesabu za kuwaonyesha wenzake. Pingamizi la pili ni siri, na hili ni zito zaidi. Mfanyabiashara ana haki ya kuhofia kwamba habari za ugonjwa wake zitawafikia wanaomkopesha. Uganda na Kenya zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Rejista haihitaji kumtaja mtu anapohesabiwa hadharani. Jina hutumika ndani tu, kuzuia kuhesabiwa mara mbili. Hilo nalo hufundishwa, na mtu wa mkataba wa miezi sita ambaye kesho hayupo ndiye wa kuogopwa zaidi kuliko mtumishi mwenye kiapo na pensheni.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina nafasi pia. Vimezoea kukutana na maofisa wa forodha na wa viwango. Viwaombe wa afya waje kwenye kikao hichohicho. Watakapoulizwa tena kuhusu sumukuvu, na wataulizwa, wawe na la kusema zaidi ya malalamiko: mahindi ya wilaya fulani yamepimwa mara kadhaa, na rejista inaonyesha saratani ya ini ya eneo hilo iko hivi tangu mwaka fulani. Leo hakuna anayeweza kusema hivyo kuhusu wilaya nyingi za Uganda, kwa kuwa rejista zilizopo zinagusa maeneo machache tu.

Na kwa atakayejikuta dirishani Mulago, mwenyewe au na mgonjwa wake, fomu ina mstari wa makazi ya kawaida. Hauulizi alikolala jana. Aandike kijiji, wilaya na nchi aliyoishi kwa mwaka uliopita, hata kama ni Aru, Nimule au Kasumbalesa.