Samaki Mmoja Akioza, Mfungaji Ana Hatia Gani?

Wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Methali hiyo yafaa kwa kapu la mvuvi, lakini haifai hata kidogo kufanywa kanuni ya kuendesha mpira wa miguu. Twasema hivyo kwa sababu hapa Kigali kanuni hiyo imewahi kutumika, na aliyelipa gharama yake ni mmoja wa wafungaji hodari kupita wote waliopata kuvaa jezi ya Rwanda, Meddie Kagere.

Yafaa tukumbushane mambo yalivyokuwa. Mwaka 2014 timu yetu ya taifa, Amavubi, ilikuwa katika njia ya kutafuta nafasi ya fainali za Kombe la Afrika. Iliifunga Libya mabao 3 kwa 0 hapa hapa Kigali, kisha ikaitoa Kongo-Brazzaville kwa mikwaju ya penalti, baada ya kila timu kushinda 2 kwa 0 nyumbani kwake. Wananchi walishangilia, lakini furaha hiyo haikudumu. Mwezi wa Agosti mwaka huo, Shirikisho la Mpira la Afrika liliiondoa Rwanda mashindanoni na kuirudisha Kongo, baada ya kuthibitika kwamba mchezaji wetu mmoja alikuwa na majina mawili na vyeti viwili: kimoja akikitumia Rwanda, na kingine katika klabu yake ya Kinshasa.

Aibu ilikuwa kubwa, na hatua ilistahili kuchukuliwa. Tatizo ni aina ya hatua iliyochukuliwa. Badala ya kumchunguza kila mchezaji peke yake na kila kiongozi aliyepitisha vyeti vyake, iliamuliwa kwamba wachezaji waliopewa uraia wasiitwe tena katika timu ya taifa. Kwa uamuzi huo wasio na hatia waliwekwa kapu moja na mwenye hatia, na Kagere akawa miongoni mwao.

Kagere alizaliwa Uganda mwaka 1986 na huko ndiko alikoanzia mpira. Kisha alikuja Rwanda akachezea Mukura, Police na Rayon Sports, akapata uraia na kuifungia Amavubi mabao. Mlango wa timu ya taifa ulipofungwa, yeye hakuacha kazi yake. Baada ya kucheza Albania, alijiunga na Gor Mahia ya Nairobi mwaka 2015, na mwaka huo huo klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Kenya bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Alirejea Gor Mahia mwaka 2017, na ubingwa ukarejea pia.

Mwezi wa Juni 2018, katika uwanja wa Afraha mjini Nakuru, Gor Mahia iliifunga Simba ya Dar es Salaam mabao 2 kwa 0 katika fainali ya kombe la SportPesa. Mabao yote mawili yalifungwa na Wanyarwanda, Kagere na mwenzake Jacques Tuyisenge. Viongozi wa Simba hawakuhitaji ushahidi zaidi, wakamchukua Kagere mwaka huo huo.

Huko Tanzania jina lake likawa gumzo la kila kijiwe. Katika msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu. Msimu uliofuata akafunga 22, akaitwaa tena heshima hiyo. Tarehe 12 Februari 2019, Al Ahly ya Misri, iliyokuwa imeichapa Simba mabao 5 kwa 0 siku kumi tu kabla, iliondoka Dar es Salaam imefungwa 1 kwa 0. Bao hilo lilikuwa la Kagere, nalo lilichangia kuipeleka Simba katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Wakati huo mfungaji huyo alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 30.

Amavubi ilimwita tena mwaka 2018, baada ya miaka minne hivi. Mwezi wa Septemba mwaka huo, katika uwanja wa Nyamirambo, alirudi na kufunga bao dhidi ya Ivory Coast, ingawa tulishindwa 2 kwa 1. Hatusemi kwamba kama angekuwapo miaka yote hiyo tungefika fainali, maana hakuna awezaye kulithibitisha hilo. Twasema tu kwamba miaka minne ya mfungaji hailipiki. Beki aweza kuzeeka taratibu na kufidia mbio zake kwa maarifa, lakini mshambuliaji wa mbele anaishi kwa wepesi wa hatua moja, na hatua hiyo ikipotea haimrudii.

Mambo haya si ya Rwanda peke yake. Wapenzi wa mpira wa zamani wanamkumbuka Hugo Sánchez wa Mexico, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi ya Hispania mara tano. Katika msimu wa 1989/90 aliifungia Real Madrid mabao 38 ya ligi, akaifikia rekodi ya Zarra iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1951. Hata hivyo, Kombe la Dunia lilipochezwa Italia mwaka huo wa 1990, yeye hakuwapo. Mwaka 1988 ilikuwa imegunduliwa kwamba viongozi wa mpira wa Mexico walichezesha vijana waliozidi umri katika mashindano ya vijana, na FIFA ikaifungia nchi hiyo kwa miaka miwili. Sánchez hakuwa kijana, wala hakughushi cheti cha mtu. Alipopata tena nafasi ya kucheza Kombe la Dunia, mwaka 1994, alikuwa na umri wa miaka 35, na aliingia uwanjani katika mchezo mmoja tu.

Mexico iliadhibiwa na FIFA, na hapakuwa na njia ya kumwokoa Sánchez. Sisi, baada ya kuadhibiwa na Afrika, tulijiongezea adhabu nyingine kwa mikono yetu wenyewe.

Wapo watakaojibu kwamba shabaha ya uamuzi ule ilikuwa kuwapa nafasi vijana waliolelewa hapa nchini. Shabaha hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Mwaka 2016, katika mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani yaliyofanyika hapa kwetu, vijana hao walifika robo fainali na kuwatoa jasho Wakongo wa Kinshasa, waliotushinda 2 kwa 1 katika dakika za nyongeza. Lakini kulea vijana hakumlazimu mtu kumfukuza mfungaji aliyekwisha kukomaa. Kijana hujifunza kufunga akiwa mazoezini na anayejua kufunga, kama vile mwanagenzi wa useremala ajifunzavyo kando ya fundi.

Kwa maoni yetu, funzo ni hili. Vyeti vya mchezaji vichunguzwe kabla hajaitwa, wala si baada ya mpinzani kulalamika. Kiongozi anayepitisha vyeti vyenye mashaka awajibike yeye mwenyewe, kwa jina lake. Na mchezaji aliyepewa uraia kwa njia ya halali ahesabiwe raia siku zote, katika ushindi na katika aibu. Uraia unaotambuliwa wakati wa kufunga mabao na kusahauliwa wakati wa matatizo si uraia, ni kibarua.

Tangu fainali za Tunisia za mwaka 2004, Amavubi haijapata kurudi tena katika fainali za Kombe la Afrika. Nchi iliyosubiri kwa muda mrefu namna hiyo haina wafungaji wa ziada wa kuwaacha nje kwa makosa ya wengine.