BWANA SHAMBA ANASEMA: Usiikimbie sindano ya shingoni

Rovu ni uvimbe wa tezi iliyo mbele ya shingo. Katika nyanda za juu kama Ufipa, udongo una madini joto kidogo, kwa sababu mvua huyachukua. Upungufu huo huleta rovu. Ndiyo maana katika miaka ya 1990 Serikali iliagiza chumvi ya kula itiwe madini joto.

Mara nyingine huota kinundu ndani ya tezi. Vinundu vingi si saratani. Vichache ni saratani. Kwa macho na kwa kidole hatuwezi kuvitofautisha. Daktari hukitazama kinundu kwa mashine ya ultrasaundi. Kikimtia shaka, hukichoma sindano ili apate chembe za kupima.

Hapo ndipo watu hukimbia. Hapa Kirando nimeulizwa, "Bwana Shamba, je, ni sindano kama ile ya ng'ombe?" Hapana, ndugu zangu. Tuelewane.

Unene wa sindano huhesabiwa kwa geji, kama bati. Aliyeezeka nyumba anajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko bati la geji 28. Namba ikipanda, unene unashuka. Sindano nazo ni hivyo hivyo. Sindano ya ng'ombe huwa geji 16 au 18. Sindano ya kinundu mara nyingi ni geji 25, na unene wake ni nusu milimita. Ukizilaza tatu pamoja, hazifikii unene wa sindano moja ya geji 16.

Kwa nini nyembamba? Tezi hii ina mishipa mingi ya damu. Sindano nene hutoa damu nyingi. Chembe zikichanganyika na damu nyingi, mtaalamu wa hadubini hazioni vizuri. Ni kama kutafuta punje za ulezi katika tope.

Je, sindano nene haitumiki kabisa? Hutumika. Kinundu kikiwa na maji mazito, nyembamba huenda isiyavute. Au nyembamba ikichomwa na chembe zisitoshe, daktari anaweza kubadili. Kuchagua ni kazi yake. Wakati wote huitazama ncha ya sindano kwenye ultrasaundi, ili isipotee njia.

Wewe nawe una kazi yako:

1. Mweleze daktari dawa unazotumia, hasa dawa za kuzuia damu kuganda.
2. Wakati wa kuchomwa, usiongee wala usimeze mate.
3. Baada ya kuchomwa, bonyeza pamba mahali hapo kama ulivyoelekezwa.
4. Rudi kuchukua majibu. Chembe zikiwa hazikutosha, kubali kuchomwa tena.

Ndugu msomaji, hatari ya sindano hii ni ndogo. Hatari kubwa ni kuficha uvimbe chini ya kitambaa. Uvimbe ukikua haraka, sauti ikikwaruza, au ukipata shida ya kumeza, nenda kituo cha afya upesi. Wao watakuandikia barua ya kwenda Namanyere, Sumbawanga au mbele zaidi. Ukipumua kwa shida, usingoje hata siku moja.

Usikubali kuchanjwa wala kukatwa shingo kijijini. Msomee jirani asiyejua kusoma habari hii.

Wasalaam,
Bwana Shamba wenu