Magadi ya Natron na Swali la Uhai Nje ya Dunia

Katika masoko ya Mwanza, bonge la magadi huuzwa kwa bei ndogo, na mpishi hulitia katika maharage bila kulitafakari. Chumvi ya jamii hiyo ndiyo inayotawala Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai. Maji yake ni alkali kali, yenye pH inayozidi 10, na penye kina kifupi joto lake huweza kupita nyuzi 40 za Selsiasi. Mtu angetarajia kukuta kaburi. Badala yake wamo vijidudu wapenda chumvi wanaoyapa maji wekundu, wamo samaki wadogo jamii ya perege karibu na chemchemi, na heroe wadogo wamelifanya ziwa hilo mazalio yao makuu katika Afrika Mashariki.

Mfano huo una uzito nje ya mipaka ya nchi. Chombo cha Cassini, kilichoizunguka sayari ya Zohali hadi mwaka 2017, kilibaini kwamba mwezi wake mdogo uitwao Enceladus hurusha angani mvuke na chembe za barafu kutoka bahari iliyofichika chini ya ganda lake. Chembe hizo zilikutwa na chumvi za magadi, na mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa zina pia fosfati, kiungo ambacho chembe hai haiwezi kukikosa. Kwa hiyo, atakaye kuelewa bahari ya Enceladus hana budi kuyasoma kwanza maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Uhai haujapatikana popote nje ya dunia, na anayedai vinginevyo ameutangulia ushahidi. Lakini kudai kwamba hauwezekani, kwa kuwa mazingira ni makali, ni dai ambalo Natron imekwisha kulikanusha.

Wapo watakaouliza: haya yanamfaa nini mgonjwa aliyevuka kwa kivuko kutoka Ukerewe na kuketi kwenye benchi tangu alfajiri? Swali hilo ni halali, na halistahili kubezwa. Jibu lake limo maabara. Katika miaka ya 1960, Thomas Brock alichunguza chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, bila kukusudia kutibu ugonjwa wowote. Humo ndimo alimopatikana bakteria Thermus aquaticus, ambaye kimeng'enya chake hakiharibiwi na joto kali. Kimeng'enya hicho kiliiwezesha mbinu ya PCR, inayorudufu vinasaba, kuwa kipimo cha kila siku. Leo mgonjwa anayepimwa kifua kikuu kwa vinasaba, au wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu, ananufaika na udadisi ambao wakati wake ungeweza kuitwa anasa.

Somo la pili ni la tahadhari. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye takriban nyuzi 96, si 100. Kuchemsha huko kunatosha kuyafanya maji ya ziwa yawe salama dhidi ya kipindupindu, na kila kaya ya ufukweni inapaswa kuendelea nako. Hakutoshi kutakasa mkasi wa kukatia kitovu. Spora za pepopunda huweza kuhimili maji yanayochemka, na ndiyo sababu vifaa huhitaji otoklevu, yaani mvuke wa nyuzi 121 chini ya shinikizo, kwa muda kamili. Hata otoklevu yenyewe hupimwa uwezo wake kwa spora za bakteria mpenda joto, Geobacillus stearothermophilus: zikifa hizo, kuna sababu ya kuuamini utakasaji. Mhudumu anayekatiza muda kwa sababu foleni ni ndefu anakisia kikomo cha uhai, na gharama ya kukosea kisio hilo humwangukia mtoto mchanga.

Nidhamu hiyohiyo iliongoza safari za Mirihi. Vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976 vilitakaswa kwanza kwa joto kavu la zaidi ya nyuzi 110 kwa zaidi ya siku nzima, ili wachunguzi wasije wakagundua vijidudu walivyovibeba wenyewe kutoka nyumbani. Mtaalamu wa maabara anaijua hofu hiyo: sampuli iliyochafuliwa humpa mgonjwa ugonjwa asiokuwa nao.

Swali la uhai nje ya dunia, basi, linastahili nafasi katika mafunzo ya afya ya Kanda ya Ziwa. Halihitaji fedha za dawa wala za glavu. Linahitaji mwalimu atakayelihusisha na chumba cha kutakasia vifaa, na mwanafunzi atakayetoka humo akijua kwamba uhai huvumilia mengi kuliko macho yanavyodhani.