Google Haijaandika Kitu
"Chanzo: Google." Vijana wa hapa Kinna wananiletea insha niwapigie msasa, na hiyo siikosi. Google imeandika nini? Ni sawa na kusema umesikia sokoni. Walimu nao wanakata alama za koma na mabano, lakini kufungua kiungo waone kinaenda wapi, wapi! Na si eti huku hatujui kutaja chanzo. Mzee wa Kiborana akisimulia vita vya zamani hukutajia Abba Gadaa aliyekuwa madarakani, na mara nyingi aliyemsimulia. Ukurasa wa Wikipedia unaweza kubadilishwa leo jioni, ndiyo maana unaandika kichwa, anwani na tarehe uliyousoma. Hilo lifundishwe sekondari. Koma za APA zingoje chuo.